Sura ya Nne: Matope Yako Wapi?

Daktari hakupindisha maneno. Alimwambia Inspekta kwamba mkono wa kulia wa yule bibi ulikuwa hatarini, na kwamba kidole cha shahada huenda kikakatwa kabla ya wiki kwisha. Nyayo nazo zilikuwa zimeungua hadi ndani. Aliyasema hayo kwenye korido, mlango wa wodi ukiwa wazi nyuma yake, na Inspekta akaurudisha mlango kwa kisigino ili mgonjwa asisikie.

"Nani aliwaambia aliungua jioni?" daktari akauliza.

"Kila mtu. Yeye mwenyewe, binti yake, majirani. Jalada zima linasema jioni."

"Jioni ndipo alipoanza kulia. Siyo alipoungua." Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na alivua glavu zake kama mtu anayechuna ngozi ya adui. "Hii ni asidi ya kung'arishia vyuma, afande. Haipigi kelele ikiingia. Mtu ataishika, atapika, atafua, atacheka na wajukuu. Baadaye sana ndipo moto unawaka kutoka ndani ya mfupa, na hapo kuosha hakusaidii tena. Nyinyi mmekuwa mkiuliza saa ya maumivu. Ulizeni saa ya maji."

Inspekta alilipokea karipio hilo bila kujitetea, ingawa lingeweza kwenda kwa mwingine. Jalada lilikuwa limemfikia asubuhi hiyo tu, na lilikuja likiwa na mshukiwa tayari ndani yake, kama nyumba ya kupanga inayokuja na vyombo. Juzi jioni bibi mmoja anayelima mboga kando ya kijito alianza kupiga mayowe nyumbani kwake, mikono na miguu ikimuungua. Watu wakateremka kijitoni na taa za simu, wakaona povu kwenye maji. Wakafuata povu hadi darajani, ambako vijana wanaoosha magari walikuwa wanakusanya ndoo zao. Kiongozi wao ni mtu mzima, jina lake la kazi ni Povu, na hilo jina peke yake lilitosha kumtia hatiani. Mkwe wa bibi ndiye aliyetangulia mbele. Povu alivunjwa mkono, kibanda chake kikachomwa moto, mashine yake ya kuoshea ikatupwa mtoni. Polisi walipofika walimwokoa kwa kumtia mahabusu, na humo walimwacha.

Bibi alikuwa macho. Alikuwa mwembamba, na mikono yake iliyofungwa bendeji ilikuwa juu ya mto, mbele yake, kama mizigo aliyopewa amshikie mtu. Binti yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na hakusimama Inspekta alipoingia.

Inspekta alivuta kiti, akampa pole, akamwomba amsimulie siku nzima tangu alipoamka, siyo jioni tu. Bibi akashangaa kidogo, kwa sababu aliyekuja kwanza hakutaka habari za asubuhi. Akasimulia. Alikwenda bustanini mapema, jua likiwa bado halijachoma, akachota maji ya kumwagilia miche. Hakuchota mtoni. Kwa nini achote mtoni wakati karavati liko pale pale juu ya matuta yake na maji yanadondoka yenyewe ndani ya dumu? Huweka dumu chini ya mdomo wa karavati, akasimama miguu ndani ya dimbwi, akashikilia mpaka lijae.

"Siku hiyo maji yalikuwaje, mama?"

"Yalikuwa na povu zito, mwanangu. Jeupe. Yananukia sabuni, na ndani ya sabuni kuna kitu kama siki. Yakawa yananiwasha kidogo. Nikasema ni upele wa majani." Akaitazama mikono yake. "Mchana sikurudi tena bustanini. Nilikuwa na wageni."

Inspekta aliandika maneno mawili tu, karavati na asubuhi, akayapigia mstari. Karavati lile halikutoka darajani. Lilipita chini ya barabara kubwa na kuleta maji ya mvua kutoka mlimani, upande mwingine kabisa. Na mvua ilikuwa haijanyesha.

Alipoinuka, binti akazungumza kwa mara ya kwanza. Akauliza ni kweli kwamba yule mtu wa darajani anapewa chakula na anatibiwa mkono kwa gharama ya serikali. Inspekta akamjibu ndiyo. Binti akasema basi serikali ina huruma sana na watu wasiofaa.

"Nikimjua aliyefanya hivi, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa," Inspekta akasema.

"Sisi tunamjua tayari."

"Hilo ndilo linalonitisha."

* * *

Povu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kushoto ukining'inia kwenye kitambaa. Jicho moja lilikuwa bado limevimba. Inspekta alimwambia anataka kumuuliza maswali mapya, naye akajibu kwamba hana haja ya maswali mapya, kwa sababu ya zamani alishayajibu na hakuna aliyemsikiliza.

"Basi nijibu ya zamani. Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

Povu akacheka, na kicheko kikamuumiza mbavu. Akasema asubuhi ile alikuwa mikononi mwa serikali. Askari wa manispaa walifika darajani alfajiri na lori, wakawazoa waosha magari wote, wakawashusha kwenye yadi yao na kuwafungia humo mpaka baada ya chakula cha mchana. Sababu hawakuambiwa. Waliporudi darajani jua lilikuwa limeshageuka. Alimweleza hayo yote ofisa aliyemhoji usiku ule, tena mara kadhaa, na yule ofisa akamwambia aache hadithi.

Inspekta alitoka, akampigia simu mkuu wa askari wa manispaa. Yule bwana hakuficha kitu, maana hakuona cha kuficha. Ndiyo, waliwazoa. Kulikuwa na wageni wa kupita barabara ile asubuhi, na wakubwa hawakutaka waone watu wakiosha magari mtoni. Wageni walikuwa wanakwenda wapi? Kule juu mlimani, kwenye ile sehemu mpya ya kuoshea magari, kutundika kibao cha pongezi. Kwa nini hakusema mapema kwamba Povu alikuwa kwake? Kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Inspekta alikata simu, akaingia chumba cha wapelelezi. Ofisa aliyemhoji Povu alikuwa anakula karanga. Alipoulizwa kwa nini habari ya yadi haimo kwenye maelezo, alisema mshukiwa alijitetea kwa maneno marefu, naye alifupisha.

"Ulifupisha mkono wa mtu," Inspekta akamwambia. "Ulifupisha siku zake humo ndani. Kama bibi wa watu angekufa, ungefupisha na shingo yake." Hakupandisha sauti, lakini mwenye karanga aliacha kutafuna, na hakutafuna tena mpaka Inspekta alipotoka.

Aliporudi mahabusu alimwambia Povu kwamba maelezo yake yamethibitika. Alitegemea kwamba atashusha pumzi. Badala yake Povu alimkodolea lile jicho zima na kuuliza kwa nini bado kuna nondo kati yao.

"Kwa sababu ukitoka sasa hivi watakuua. Nipe mchana huu." Kisha akaongeza, kwa kuwa nalo lilikuwa linamkera tangu asubuhi: "Na usidhani umetoka msafi. Hujamwaga asidi. Lakini sabuni yenu, oili za injini, matope yenye grisi, vyote vinaingia mtoni humo humo, kila siku. Samaki hawakuondoka pale kwa kupenda."

"Tuliomba sehemu, afande. Tuliomba hata changarawe tu, pembeni, maji yaingie ardhini. Tukajibiwa kuosha magari si kazi." Povu akaegemeza kichwa ukutani. "Asidi ya nini hiyo?"

"Ya kung'arishia rimu, nadhani."

"Sisi rimu tunasugua kwa mikono. Hiyo dawa wanayo wenye stoo."

* * *

Ile sehemu ya mlimani ilikuwa inapendeza, na hakuna aliyeweza kubisha. Sakafu ya saruji ililainishwa vizuri, ikainamia katikati, ambako maji yaliingia kwenye mfereji wenye wavu wa chuma. Magari yalikuwa yamepanga foleni, mengine yametoka njia za vumbi na udongo umeyakalia mpaka kwenye vioo. Wafanyakazi walivaa ovaroli za bluu na mabuti ya mpira. Ukutani, karibu na lango, kibao kipya cha shaba kilisema: Hapa Mto Hauchafuliwi.

Inspekta alikuwa peke yake. Dereva wake, konstebo mzee mwenye maneno machache na kofia isiyomtosha, alikuwa amemshusha langoni na kuondoka tena na gari. Alikuwa na kazi yake sehemu nyingine.

Mwenye mali alitoka ofisini akitabasamu. Wafanyakazi walimwita Mkurugenzi. Alikuwa mtanashati, shati limenyooshwa mpaka linakata, na alimsalimu Inspekta kwa kuinama kidogo, mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Akamwita dada. Inspekta akamwambia hana kaka mlimani.

Mkurugenzi akacheka kana kwamba huo ulikuwa utani. Alisema amesikia habari ya yule bibi na amesikitika sana. Ni jambo la aibu, alisema, kwamba bado kuna watu wanaosha magari juu ya maji wanayotumia wenzao. Ndiyo maana yeye alijenga haya. Angependa Inspekta aone kwa macho yake.

Akamzungusha nyuma, kwenye matangi matatu yaliyofukiwa yakabaki mifuniko tu, na akaeleza kama mwalimu. Maji yakitoka kwenye gari yanaingia tangi la kwanza, yanatulia, matope yanakwenda chini. La pili lina ukuta katikati. Oili na grisi vinaelea juu na kunaswa huko. La tatu ni mchanga na mkaa, kwa ajili ya kuchuja. Mwisho pampu inayarudisha maji yale yale yakaoshe gari lingine. Matope yanazolewa na kupelekwa jalala maalumu. Sabuni yenyewe ni ile inayooza. Hata tone moja, alisema, haliendi mtoni.

Kila alichosema kilikuwa sahihi. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo taya zake zilivyokaza. Mtu asiyejua unaweza kumwelewa. Huyu alijua kila kitu kinavyopaswa kuwa, mpaka aina ya mkaa.

"Fungua la kwanza," akasema.

"Linanuka, afande. Utachafua viatu."

"Viatu vina polishi. Fungua."

Mfanyakazi mmoja, mwanamke mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake, akaitwa aje na nondo ya kufungulia. Mfuniko ukainuka. Inspekta akapiga magoti, akamulika ndani kwa tochi. Plasta ilikuwa nyeupe. Alama za mwiko wa fundi zilionekana ukutani, na kwenye kona moja kulikuwa na hesabu za penseli, urefu na upana, ambazo fundi alisahau kuzifuta. Mdomo wa bomba la kuingizia maji ulikuwa bado na kifuniko cha plastiki kilichotoka nacho kiwandani. Utando wa buibui ulikuwa umetandazwa kutoka bomba hadi ukuta, umekamilika, na mwenyewe amekaa katikati.

"Matope yako wapi?" Inspekta akauliza.

"Tulizoa jana."

"Na ukuta mkausugua mpaka penseli ikarudi?"

"Tunazingatia sana usafi."

"Buibui naye mlimwosha, mkamrudisha?" Inspekta akasimama na kupangusa magoti. "Nimesimama hapa muda mfupi, nimeona magari yakiacha tope linaloweza kujaza toroli. Linaingia kwenye wavu ule. Sasa, ama mna mfereji unaokula matope, ama hili tangi ni la kupigia picha. Naomba ndoo ya maji."

Akaletewa. Kutoka kwenye begi lake akatoa chupa ndogo aliyoazima kwa fundi bomba mmoja, ya rangi kali ya kijani ambayo mafundi humimina kwenye mabomba kutafuta panapovuja. Akaikoroga ndani ya ndoo, akatembea hadi katikati ya sakafu, akamwaga yote kwenye wavu, akaomba ndoo ya pili ya maji ya kuisukuma, na ya tatu. Wafanyakazi waliacha kusugua. Wenye magari walishusha vioo.

Walisubiri. Mkurugenzi alianza kusema kitu kuhusu kibali, akaachia katikati. Simu ya Inspekta ikalia, naye akaiweka spika.

"Afande," ilisema sauti ya konstebo mzee, ikiwa na mwangwi, kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. "Niko hapa kwenye karavati. Linatapika kijani. Linaingia kwenye matuta ya bibi."

"Piga picha. Usiguse maji."

"Nani, mimi? Niko juu ya jiwe."

Mkurugenzi naye alikuwa ametoa simu, kwa mkono wa kushoto, na alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini akiwa amewapa mgongo. Alipogeuka alimnyooshea Inspekta simu ile, akamwambia kuna mtu anataka kumsalimu. Alikuwa Mkuu wa kituo. Mkuu alisema mambo ya mazingira yana ofisi yake, kwamba yule bwana ni mdau, na kwamba magari ya kituo yanaoshwa pale bila usumbufu wowote. Akamtaka Inspekta arudi kituoni wazungumze kwa utulivu.

"Nitarudi, mkuu," Inspekta akasema. "Nitarudi na mtu. Naye atazungumza kwanza." Akamrudishia mwenyewe simu yake.

Alikwenda moja kwa moja hadi stoo. Haikuwa imefungwa, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kuiba: rafu zimepanguswa, makopo ya sabuni yamepangwa majina mbele. Lakini kwenye kona, pale sakafuni, kulikuwa na alama ya duara ya kitako cha pipa, na ndani ya duara saruji ilikuwa imevimba na kumomonyoka, kama mkate uliotafunwa na panya. Kitu kilichokaa hapo kilikuwa kinavuja, na kilikula hadi jiwe.

"Hapa palikuwa na dawa ya rimu," Inspekta akasema. "Pipa limekwenda wapi?"

Mkurugenzi alisema hakumbuki. Kisha akakumbuka. Kwa kweli, alisema, mfanyakazi mmoja alilimwaga bila ruhusa, siku ile ya wageni, kwa kutokujua, na yeye amekuwa akijiuliza jinsi ya kulisema bila kumharibia maisha. Akageuza kichwa kidogo, kumtazama yule mwanamke wa mabuti aliyekuwa bado ameshika nondo.

Mwanamke aliiacha nondo ianguke. Ililia kwenye saruji.

"Mimi?" akasema. "Uliniambia nimwage, nikakataa. Nilikuonyesha picha kwenye lile pipa, mkono unaliwa. Nikakwambia hata kwa glavu siligusi. Ukaniita mjinga mbele ya wenzangu, ukasema wageni wako njiani wasilione, ukaliinamisha mwenyewe kwenye wavu. Bosi, mimi nina watoto. Usinipake huo uchafu wako."

Mkurugenzi alimwambia kuanzia dakika ile hana kazi. Mwanamke akamjibu kwamba hilo alishalijua tangu nondo ilipoanguka.

Inspekta hakuwa akiwatazama. Alikuwa anautazama ule mfuko wa suruali. Tangu alipofika, mwenye mali alikuwa amefungua mlango kwa mkono wa kushoto, amechukua simu kwa mkono wa kushoto, na kupangusa jasho kwa mkono wa kushoto.

"Toa mkono," akasema.

"Nimeungua kidogo tu. Ni injini ya gari."

"Toa."

Aliutoa polepole. Ncha za vidole zilikuwa zimefungwa plasta, na chini ya plasta ngozi ilikuwa imepauka kijivu hadi kwenye kucha.

"Ulianza kukuuma wakati gani, juzi?"

"Jioni," akasema, na hapo hapo akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Injini inauma pale pale ukiigusa," Inspekta akasema. "Hii hupiga hodi jioni. Yule bibi naye ilimpigia jioni." Akatoa pingu, akazitazama, akamfunga mkono wa kushoto na kuushika mnyororo mwenyewe. "Tunaanzia hospitali. Daktari atakuwekea dawa, kwa sababu vidole vyako huenda bado vinaokoleka. Ungepiga simu moja asubuhi ile, useme pipa limemwagika, watu wasiguse maji, na vya yule bibi vingeokoleka. Ulikuwa na simu mkononi. Ulikuwa unawapokea wageni."

* * *

Mkuu wa kituo alikuwa na wazo lake. Kwa kuwa mkosaji halisi amepatikana, alisema, yule wa darajani apelekwe nyumbani taratibu, kwa mlango wa nyuma, ili kituo kisichekwe. Inspekta alilifikisha wazo hilo mahabusu kama alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Niliingizwa kwa mlango wa mbele," Povu akasema, "watu wananitemea mate. Leo nitoke kwa nyuma kama nani? Kaniambieni sina kosa pale pale nilipovunjwa mkono. Wasikie waliovunja. Vinginevyo funga mlango wako, afande, mimi nimeshauzoea."

Inspekta alifungua mlango wa mahabusu. Akachukua kofia yake.

Walifika darajani watu wakiwa wengi, kwa sababu habari ya maji ya kijani ilikuwa imetangulia. Binti wa bibi alikuwepo; Inspekta alikuwa amempigia kwanza, kama alivyoahidi. Mumewe alikuwa pembeni yake, mtu mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia, na Povu aliposhuka kwenye gari yule mrefu alitafuta kitu cha kutazama kwingine.

Inspekta alisimama kwenye ukingo wa daraja na kueleza. Hakupamba. Alisema bibi aliungua asubuhi, kwa asidi iliyomwagwa mlimani na kupita kwenye karavati. Alisema asubuhi hiyo Povu na wenzake walikuwa wamefungiwa yadi ya manispaa, kwamba Povu alilisema hilo tangu mwanzo, na polisi hawakutaka kumsikia. Alisema aliyemwaga yuko chini ya ulinzi.

Mtu wa nyuma akataja petroli. Mwingine akasema mlimani si mbali. Wakaanza kusogea wote kwa pamoja, na yule mkwe akawa ameshatangulia tena mbele, uso umemuiva, akisema kwamba leo vioo vyote vya ofisi ya kule juu vitalala chini.

Inspekta akateremka ukingoni, akasimama katikati ya barabara.

"Una uhakika?" akamuuliza.

"Umesema mwenyewe, afande. Ndiye."

"Leo nimesema mimi. Juzi alisema nani? Juzi ulikuwa na uhakika hivi hivi. Ulikuwa na uso huu huu." Akanyoosha kidole mlimani. "Kule juu kuna watu wanaosugua magari, wana watoto. Mmoja wao alikataa kumwaga ile asidi, ndiye aliyenisaidia. Mtamvunja na yeye mkono? Halafu kesho nije niwaelezeni tena? Anayetaka kupita apite. Nitamfunga kwa pingu ile ile niliyomfunga mwenye pipa."

Hakuna aliyepita. Walibaki wamesimama, wengine wakiangalia viatu, na hasira yao ikakosa pa kwenda.

Povu hakuwa ameyafuatilia yote hayo. Alikuwa ameshuka ukingoni, amepita majivu ya kibanda chake, na sasa alikuwa mguuni mwa daraja, akiivuta kwa mkono mmoja ile mashine yake iliyozama nusu kwenye matope. Ilisogea kidogo, ikarudi. Akavuta tena, ikarudi. Akageuka na kuangalia juu, na macho yake yakawapita watu wote mpaka yakamfikia yule mrefu.

"Wewe," akasema. "Shuka."

Mkwe wa bibi akamtazama mke wake. Mke wake akamsukuma mgongoni kwa kiganja, siyo kwa upole.

Alishuka. Aliingia kwenye tope na viatu vyake, akafika, akasimama karibu na Povu, akafungua mdomo kuanza maneno. Povu akatikisa kichwa. Hakutaka kuyasikia.

"Shika huku," akamwambia. "Siyo huko. Huku, kwenye chuma. Na tukiitoa haibaki hapa chini. Unaibeba mpaka kule juu, kwenye changarawe, mbali na maji."

"Ni nzito," yule mrefu akasema.

"Najua uzito wake. Wewe ndiye uliyeirusha." Povu akaweka mkono wake mzima chini ya mashine. "Inua."